Wakili kijana, kazi zikipungua ofisini

Mawakili wenzangu wadogo hapa Tanzania, ofisi ikianza kuchelewesha mishahara msisubiri barua ya kuachishwa kazi. Kwanza, huisha leseni ya uwakili ya mwaka hata kama ni kwa kukopa; ukiiacha ikafa, hutaweza kumwakilisha mteja atakayekuja kesho.

Kisha tazama kazi ambazo ofisi kubwa huzidharau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hapo wamo shule binafsi, zahanati, saccos, hoteli, na wengi wao hawajui pa kuanzia. Isome yote pamoja na kanuni zake, jumapili mbili zinatosha. Halafu nenda kwa shule moja unakofahamika, omba kuona fomu zao za kuandikisha wanafunzi, waonyeshe palipo na kasoro. Bei mkubaliane mapema, kwa maandishi. (Hata kama mteja ni ndugu, tafadhali.)

Wakikulipa kazi hiyo, waulize pia kama kampuni yao imewasilisha taarifa za mwaka BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Mara nyingi hawajawasilisha.