Filta mpya ya oili: uijaze kwanza au uifunge tupu?

Suala hili linawagombanisha mafundi kila siku, ukenda gereji moja pale Mwanakwerekwe, Unguja, utaambiwa filta mpya lazima uijaze oili kabla hujaifunga, ukivuka barabara fundi mwengine atakwambia kazi bure tu, unachafua injini. Mimi naona wote wawili wana haki ila hawazungumzii gari moja. Kinachoamua ni filta imekaaje kwenye injini yako, na hiyo oili unaimimina kutoka wapi.

Kwanza jua oili inavopita. Filta ya kopo, hii ya kuzungusha, ina tundu kubwa la katikati lenye hesi ya kufungia na vitundu vidogo vidogo vimelizunguka. Oili ikitoka kwenye pampu inaingia kwa vile vitundu vya pembeni, inapenya karatasi ya ndani, halafu inatokea tundu la katikati ishachujwa na kwenda kwenye beringi za krenki na kamshafti, yani ile mihimili inayozunguka ndani ya injini, na za tabo (ile feni ya kuisukumia injini hewa) kama gari inayo. Kwahiyo filta ikiwa tupu, ukipiga stata pampu inaijaza filta kwanza ndo beringi zipate presha, na hizo ndo zile sekunde chache unaiona taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima.

Sasa sekunde hizo zinaua injini? Kwa gari ndogo ya petroli kama IST au Vitz, hapana. Umezima injini sasa hivi tu, beringi bado zina utando wa oili, na filta yenyewe ndogo. Injini ya 1NZ, inayofungwa kwenye gari kama hizo, inachukua lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta na lita 3.4 bila ya filta, yani filta inameza kama lita 0.3 hivi, pampu inaijaza mara moja. Lakini dizeli kubwa, Coaster, lori, hizi gari za abiria za Chake na Wete kule Pemba zinazoshinda barabarani kutwa, na khasa yenye tabo, hapo nasema jaza, kwasababu filta ni kubwa, inachukua muda kujaa, na tabo inazunguka kwa kasi kubwa sana na beringi zake zinategemea oili hiyohiyo.

Ila angalia mdomo wa filta umeelekea wapi. Kama filta inaning'inia chini na mdomo uko juu, jaza, hamna tabu. Kama imelala ubavu, tia nusu tu au chini ya nusu, karatasi ilowane basi. Kama imefungwa kichwa chini, mdomo unatazama chini, usihangaike, yote itamwagika kwenye mikono yako na kwenye egzosi, halafu ukiwasha gari moshi unatoka unadhani injini inaungua. Na kuna gari hazina kopo kabisa, injini za ZR za Toyota mfano 3ZR ya Noah ZRR70, ni karatasi peke yake ndani ya kikombe, hapo kazi yako ni kubadilisha ile raba ya duara na kuipaka oili.

Namna ya kujaza ndo wengi wanakosea. Watu wanamimina kwenye tundu la katikati kwasababu ni kubwa na ni rahisi, na hapo ndo penye hatari, mana upande huo ni wa oili ishachujwa, chembe yoyote ya mchanga utakayoitia inakwenda kwenye beringi bila ya kuzuiwa na chochote. Mimina kwenye vitundu vya pembeni, kidogo kidogo. Utaona oili inashuka na mapovu yanapanda, subiri karatasi inywe, ongeza tena, subiri, mpaka uione oili inachomoza yenyewe kwenye tundu la katikati, hiyo ndo dalili kuwa imepita kwenye karatasi. Ni kazi ya dakika chache, usiwe na pupa.

Na oili iwe ya galoni ulilolifungua mwenyewe. Oili ya kupima, ile ya kwenye chupa ya maji, au faneli iliyolala sakafuni gereji na upepo wa Kaskazi unapeperusha vumbi, usijazie filta, bora uifunge tupu. Oili kama hiyo siwashauri kuitia hata kwenye injini, lakini angalau ikiingia juu itapita kwenye filta kwanza.

Kama hujajaza na roho inakusumbua, chomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa kupeleka petroli) ili injini izunguke bila ya kuwaka, piga stata kama sekunde tano hivi, pumzika, rudia mpaka taa izime, halafu rudisha fyuzi uwashe. Dizeli za zamani unachomoa waya wa solenoidi (swichi ya umeme inayofungua na kukata dizeli) kwenye pampu ya dizeli.

Jengine, ndani ya filta nyingi kuna raba inayozuia oili isirudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ukizima gari. Filta feki raba yake inakakamaa mapema, filta inajimwaga usiku kucha, na kila asubuhi unawasha kavu. Kujaza kunakuokoa siku moja tu ya sevisi, filta nzuri inakuokoa kila siku, kwahiyo kama pesa ni ya kuchagua, tia kwenye filta orijino.

Wakati wa kufunga, hakikisha raba ya filta ya zamani haikubakia imeganda kwenye bloku (mwili wa injini), ipapase kwa kidole. Paka oili raba mpya, zungusha kwa mkono mpaka iguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko, au fuata ilivoandikwa kwenye kopo. Tia oili injini, washa, usiguse eksileta kabisa mpaka taa izime. Ikipita sekunde kumi bado inawaka, zima utafute sababu. Ikizima, wacha inguruma dakika mbili, zima, subiri kidogo oili ishuke, ndo upime kwa kijiti, kama ulifunga tupu utakuta imepungua, ongeza. Kisha inama uchungulie chini ya filta, ukiona inavuja usikimbilie kuikaza kwa spana, ifungue, mara nyingi utakuta raba mbili zimepandana.