Kupanda ukingo wa Ziwa Chala kwa baiskeli ya mlimani, ukitokea Mombasa

Vijana wanaoendesha baiskeli Nyali Jumapili asubuhi wananiuliza sana kuhusu Chala. Hivi karibuni nimemsaidia mmoja wao kuanzia gereji mpaka ukingoni, na haya ndiyo niliyomwelekeza.

Ziwa Chala limekaa ndani ya kasoko ya volkano, mashariki mwa Kilimanjaro, kaskazini mwa mji wa Taveta. Ukingo umeinuka takriban mita 100 juu ya maji. Ni njia ya vumbi, mawe yaliyolegea na miiba, na uzuri wake unastahili jasho lote utakalomwaga.

Hatua ya 1: Baiskeli

Chukua yenye shoki mbele tu. Ya shoki mbili ni uzito usiouhitaji mlimani. Breki ziwe za diski, za waya. Za mafuta ni nzuri, lakini waya ukikatika fundi yeyote wa mtaani atakufungia mwingine.

Hatua ya 2: Miguu

Mombasa ni tambarare, na daraja la Nyali si mlima. Vuka feri Likoni, nenda mpaka Kombani, kisha panda Kwale bila kushuka. Ukiweza kufanya hivyo na bado ukaongea, uko tayari.

Hatua ya 3: Matairi

Toa tyubu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu miiba ya mgunga na mbigili huko haina huruma, na ukienda na tyubu utamaliza viraka kabla hujaona maji. Funga tyubulesi, yaani tairi lisilotumia tyubu, yenye dawa ya maji ya kuziba pancha ndani.

Hakikisha rimu na tairi vyote viwili vimeandikwa kuwa vinakubali tyubulesi. Tairi la kawaida huweza kushika upepo ukiwa barazani, kisha likachomoka kwenye kona.

Safisha rimu kwa spiriti. Sisi wa Pwani tusiruke hapa, maana chumvi ya hewani na mafuta ya cheni huacha utando ambao utepe haushiki juu yake. Bandika utepe wa rimu ukiuvuta, na mwisho wake upite pale ulipoanzia kwa kama sentimita 10. Ule wa mafundi umeme usitumie. Joto likizidi, gundi yake huyeyuka. Tundu la valvu litoboe kwa msumari uliopashwa moto. Kisu huacha mpasuko unaozidi kurefuka.

Sasa upepo. Hapa kijana wangu alipoteza alasiri nzima. Mdomo wa tairi hukaa kwenye rimu kwa upepo mwingi unaoingia kwa ghafla, na pampu ya mkono mara nyingi haiutoi. Kwa hiyo watu hukimbilia kituo cha petroli, wakafika na kukuta mpira wa pale ni wa valvu nene ya gari, ilhali ya baiskeli yao ni nyembamba. Nunua adapta ndogo ya shaba mapema. Ifunge juu ya valvu, lakini kwanza legeza ile nati ndogo ya kichwani. Ikiwa imekazwa, upepo hauingii hata chembe. Paka maji ya sabuni kuzunguka tairi lote. Mwambie mhudumu atie kwa mikupuo huku wewe ukitazama geji, na asipite kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kwani kompresa hizo zina nguvu na rimu huweza kupasuka. Utasikia mlio mkali mara mbili, upande mmoja kisha wa pili.

Toa upepo, chomoa kijiti cha ndani cha valvu, mimina mililita 100 za dawa kwa gurudumu la inchi 29, rudisha kijiti, jaza tena. Zungusha gurudumu, kisha lilaze ubavu mmoja na baadaye wa pili. Acha usiku kucha. Likipungua kidogo, ongeza. Likiisha kabisa, rudi kwenye utepe. Joto letu hukausha dawa, kwa hiyo tikisa gurudumu kabla ya safari, na usiposikia maji, ongeza. Kwa mtu wa kilo 70, mimi huweka psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 22 mbele na 25 nyuma.

Beba tyubu moja hata hivyo. Ukilazimika kuitia, pitisha kidole polepole ndani ya tairi ung'oe kila mwiba kwanza.

Hatua ya 4: Safari

Mombasa hadi Voi, kisha Taveta. Lala Taveta.

Hatua ya 5: Ukingoni

Toka alfajiri, Kilimanjaro ikiwa bado haijajifunika mawingu. Beba maji lita 3, na tende. Panda kwa gia nyepesi. Ukifika juu teremsha kiti, na pale njia inapobana karibu na genge, shuka usukume. Usioge ziwani: mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba humo.

Ukingo si wa Kenya wote. Mpaka unapita katikati ya ziwa, na upande wa magharibi ni Tanzania. Anayetaka kuufikia upande huo apitie kituo cha mpakani cha Taveta na Holili, na hati zake mkononi. Mzunguko wangu huu hufuata nusu ya ukingo iliyo upande wa Kenya, kisha hushuka mteremko wa nje na kurudi Taveta kwa njia za mashamba.

Hatua ya 6: Kushuka

Rudisha makalio nyuma, tumia breki zote mbili, kwa kubana na kuachia. Ukikuta watu shambani, simama, wasalimie, uombe njia. Mwiba ulioingia tairini lakini hautoi upepo uache hapo hapo mpaka ufike nyumbani. Unaovujisha upepo ung'oe, kisha geuza tundu liwe chini ili dawa ilifikie.