Somo: Kwa nini mawese yako yanatoka ya bluu

Wakuu, salamu kutoka Mwanga, Kigoma. Wiki hii nimefuatwa faragha mara nne kwa swali lile lile: picha ya mawese ukiifungua kwa Python, mbona inaonyesha bluu? Naandika hapa mara moja, atakayerudia namtumia kiungo.

Hatua ya 1: sakinisha maktaba mbili za Python: OpenCV (ndiyo cv2, ya kusoma picha) na NumPy (ya kushika namba za picha).

Hatua ya 2: picha = cv2.imread("dumu.jpg"). Ukipata None, mara nyingi umekosea njia ya faili.

Hatua ya 3: print(picha.shape). Ukiona (3000, 4000, 3), kimo ndicho kimetangulia, kisha upana, kisha chaneli, yaani safu za rangi. Kila pikseli (kidoa kimoja cha picha) ina namba tatu, 0 hadi 255.

Hatua ya 4: OpenCV hupanga bluu, kijani, nyekundu. Matplotlib, maktaba ya kuonyesha picha, huanza na nyekundu. Kabla ya kuonyesha, geuza mpangilio wa chaneli: picha[:, :, ::-1].

Hatua ya 5: kuchukua chaneli moja pembeni. Hapa niliungua. Shangazi aliniomba picha ya madumu yake ya mawese pale Kibirizi. Nikaandika bluu = picha[:, :, 0], kisha bluu[:] = 0, kujaribu tu. Nilidhani nimechota kikombe pembeni, kumbe mkono uko ndani ya dumu. Ukikata hivyo NumPy haikupi nakala, inakufungulia dirisha la namba zile zile. Mawese hayakubadilika sana kwa kuwa yana bluu kidogo, basi sikushtuka, nikahifadhi kwa jina lile lile la faili. Kitambaa cheupe chini ya dumu ndicho kilichonisuta: kimekuwa cha njano. Niliporudi Kibirizi, madumu yameshauzwa. Andika picha[:, :, 0].copy(). Na USIHIFADHI juu ya faili la asili, hata kwa kujaribu.

MASWALI

mgebuka77: Mkuu, yangu bado ya bluu.

Jibu: Hatua ya 4.

mgebuka77: Nimefuata, haikubali.

Jibu: Umesoma au umepitisha macho? Bandika mistari yako.

mgebuka77: Nimegeuza, nikahifadhi kwa imwrite.

Jibu: Sasa hilo ungelisema mapema. imwrite nayo huanza na bluu. Hifadhi ile ambayo hukuigeuza.

binti_ujiji: Shikamoo kaka. Nimeongeza 10 kwa kila namba ili picha ing'ae, anga juu ya ziwa likaingia mabaka meusi. Halafu chaneli nyekundu mbona inaonekana kijivu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, hayo ndiyo maswali. Namba za picha ni za aina ya uint8, nayo inaishia 255. 250 + 10 inazunguka na kuwa 4, karibu na nyeusi. Tumia np.clip(picha.astype(int) + 10, 0, 255).astype("uint8"). Na chaneli ikiwa peke yake ni kiasi cha mwanga tu, haina rangi. Ukitaka uione nyekundu, nakili picha nzima, chaneli 0 na 1 uzijaze sifuri.

binti_ujiji: Na nikitaka isiyo na rangi, najumlisha zote nagawa kwa 3?

Jibu: Inakubali, ukitanguliza astype(int) kama hapo juu, ila cvtColor, amri ya OpenCV ya kugeuza rangi, huipa kijani uzito wa 0.587, nyekundu 0.299, bluu 0.114, maana jicho la mtu hushika kijani zaidi. Jaribu zote mbili kwa picha ya mgomba uone.

mgebuka77: Imekubali mkuu. Shangazi bado anauza?

Jibu: Anauza. Njoo na dumu lako.