Kuipa sebule ya kompyuta sura ya nyumba inayokaliwa

Sebule iliyotengenezwa kwa kompyuta husadikika pale kila kilichomo kinapokuwa na sababu: mwanga unatoka upande unaopaswa kutoka, na kila alama imeachwa na mkono, mguu au kitambaa unachoweza kukitaja. Hapa tunatumia programu ya Blender na Cycles, injini yake ya kurenda (kugeuza modeli kuwa picha), na mfano wetu ni sebule ya fleti ya kawaida ya Nairobi.

Vipimo kwanza, rangi baadaye

Weka dari mita 2.7 kutoka sakafuni, mlango sentimita 90 kwa 210, kikalio cha kochi sentimita 42 hadi 45, meza ya kulia sentimita 75. Soketi ziwe za matundu matatu bapa, moja ikiwa na upana wa sentimita 8.6 na ya mbili sentimita 14.6. Modeli nyingi za kupakua mtandaoni huja na soketi za mviringo za Ulaya, na mtu wa Nairobi atahisi kuna kasoro hata kabla hajaijua ni ipi. Feni ya dari pia iondoe. Hiyo ni ya Mombasa.

Kisha viringa kingo kwa beveli: milimita 2 kwa meza ya mbao, 1 kwa chuma, 3 hadi 5 kwa pembe ya ukuta uliopigwa plasta. Mviringo huo mdogo ndio unaonasa mstari mwembamba wa mwanga ambao macho yamezoea kuuona kwenye vitu halisi. Ukizidisha, samani zote zitafanana na plastiki. Beveli ikitoka pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kitu hicho kilivutwa ukubwa bila kuthibitishwa. Kichague, bonyeza Ctrl+A, thibitisha ukubwa, urudie.

Mwanga

Funika chumba kizima kwa kijivu kimoja na usiguse rangi hadi mwanga ukae sawa. Mwanga mbovu hauponi kwa tekscha (picha zinazovalishwa nyuso za vitu) nzuri, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Kosa kubwa ni jua la nchi nyingine. Picha nyingi za anga zinazopakuliwa zimepigwa Ulaya, ambako jua la majira ya baridi hukaa chini hata mchana. Nairobi iko digrii 1.29 kusini mwa Ikweta. Jua hufika juu kabisa mnamo saa sita na nusu, na saa hiyo halishuki chini ya digrii 65 hivi mwaka mzima: Juni liko upande wa kaskazini, Desemba kusini, na karibu na Machi na Septemba liko utosini. Kwa hiyo, dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2.1 haliwezi kuingiza jua la adhuhuri zaidi ya mita moja ndani. Ukitaka mistari mirefu ya jua sakafuni, geuza dirisha litazame mashariki na uchague saa mbili asubuhi, wakati jua liko digrii 20 hivi na linafika mita tano au zaidi. Au litazame magharibi, iwe saa kumi na moja jioni. Programu-jalizi ya Sun Position itakupangia haya yote: latitudo -1.29, longitudo 36.82, ukanda wa saa +3. Picha ya Julai haihitaji jua kabisa. Asubuhi nyingi huwa na mawingu mazito, basi tumia anga jeupe lenye mwanga laini.

Kipenyo cha jua kiache kwenye digrii 0.53. Kikiwa sifuri, vivuli hukatika mno. Usisahau vyuma vya dirisha, kwani kivuli chao kikilala sakafuni na kupanda kwenye kochi kinaeleza mahali kuliko pambo lolote. Kioo cha dirisha kifute, au kiwekee nyenzo inayopitisha miale ya vivuli moja kwa moja; kioo cha kawaida cha Cycles huzuia mwanga na kujaza picha vidoa vyeupe. Chumba kikibaki na giza kwenye pembe, ongeza midundo ya mwanga uliotawanyika (mara ambazo mwale hudunda kutoka uso hadi uso) kutoka 4 hadi 8 kabla hujakimbilia kuongeza taa. Picha ya usiku iwe na balbu nyeupe ya kelvini 6500, iliyo ya kawaida majumbani, na ya njano ya 2700 uiache kwa taa ya mezani.

Nyuso

Kwa kipimo cha rangi cha 0 (nyeusi kabisa) hadi 1 (nyeupe kabisa), ukuta mweupe uwe 0.8, kamwe usiwe 1, na nyeusi isishuke chini ya 0.03. Vigae vya sentimita 40 au 60 vitenganishwe na ufito wa milimita 2 hadi 3, kisha kila kigae kiinamishwe kivyake kwa digrii 0.1 hadi 0.2. Fundi hakiweki kigae sawa kabisa, na ni kupishana huko kunakovunja taswira ya dirisha sakafuni. Rafunesi, yaani kiasi uso unavyotawanya mwanga, icheze kati ya 0.2 na 0.35: njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni ing'ae kidogo zaidi au ififie, kulingana na aina ya kigae.

Dalili za watu

Kukaliwa si uchafu. Sebule ya Nairobi hupigwa deki mara kwa mara, kwa hiyo vumbi lililosambazwa sakafu nzima ni uongo. Vumbi liweke deki isikofika: nyuma ya kochi, chini ya meza ya televisheni, kwenye pembe za ukuta. Rangi yake itegemee mtaa. Upande wa Kangemi na Karen udongo ni mwekundu. Embakasi ni mweusi wa mfinyanzi. Doa hafifu kwenye zulia la mlangoni na sentimita chache za chini za mlango linatosha.

Kochi lina mahali panapopendwa, kwa kawaida panapotazama televisheni. Hapo bonyeza mto sentimita 2 au 3, na kitambaa cha kochi kiteleze upande mmoja. Ukuta uchafuke kidogo kuzunguka swichi, kwa urefu wa mkono. Nyaya za televisheni na king'amuzi zining'inie hadi kwenye kebo ya kuongezea soketi. Modeli isiyo na waya hata mmoja ndiyo hudanganya haraka zaidi. Themosi na vikombe viwili vyenye viwango tofauti vya chai, ndara zilizovuliwa bila kulingana, kalenda ya ukutani: chagua vitu vichache vya saa moja ya siku, usichanganye kiamshakinywa na usiku.

Kamera na kurenda

Kamera iwe mita 1.2 hadi 1.4 juu, lenzi ya milimita 24 hadi 28. Chini ya 18 kochi la pembeni huvutika vibaya. Mzunguko wa kamera kwenye mhimili wa X uwe digrii 90 kamili ili kuta zisimame wima, na ukitaka sakafu ionekane zaidi, sogeza lenzi kwa shifti (mpangilio wa kamera, si kitufe cha kibodi) badala ya kuinamisha kamera. Tumia AgX, mpangilio wa rangi wa Blender unaolainisha sehemu zenye mwanga mkali, na dirisha liache lipauke kiasi. Sampuli 1,000 (idadi ya miale inayopimwa kwa kila pikseli) pamoja na OpenImageDenoise, kichujio cha kuondoa chembechembe, hutosha kwa kawaida. Nyuzi za pazia na zulia zikilainika kama zimepakwa mafuta, sampuli ni chache: ziongeze, kwa sababu kichujio hakiwezi kurudisha nyuzi ambazo hazikurendwa.