Kocha akihama timu: jinsi ya kuandika kanuni za usajili kwenye ligi ya College Football 25

Ligi ya mtandaoni ya College Football 25, mchezo wa video wa EA Sports wa futiboli ya Marekani ya vyuo vikuu, huchukua hadi makocha 32 (wachezaji wa mchezo huo, kila mmoja na timu ya chuo chake), na hakuna kinachowagombanisha upesi kama mwenzao kuhamia chuo kingine usajili ukiwa bado unaendelea. Andikeni kanuni kabla ya msimu wa kwanza. Zikiandikwa mtu akishahama, kila kifungu kitaonekana kimemlenga yeye.

Kwanza eleweni anachoondoka nacho. Orodha ya chipukizi 35, yaani vijana ambao chuo kinawawania, hubaki na timu ya zamani. Kinachohama ni anachokijua kocha. Kumchunguza chipukizi hula saa 10 kila mara kutoka saa za usajili anazopewa kocha, na uchunguzi huo ndio unaofichua kama kijana wa nyota tatu ni kito (bora kuliko nyota zake) au garasa (duni kuliko nyota zake). Aliyehama ameshapata majibu hayo kwa saa za chuo alichokiacha, kwa hiyo huko aendako anaweza kummwagia kito saa 50 za wiki bila kubahatisha, huku akishindana na mrithi wake kwa taarifa zilezile.

Dawa yake huanza na picha ya skrini. Wiki ya mwisho ya ratiba ya kawaida, kabla mtu yeyote hajakubali kazi mpya, kila kocha amtumie msimamizi picha ya orodha yake yote. Kila kocha, hata asiyewaza kuhama. Hapa ndipo kanuni nyingi zinapovuja: mkisubiri mtu atangaze kwanza, atakuwa ameshawatoa vito wake orodhani ili baadaye adai hakuwahi kuwafuatilia.

Tangu akubali kazi mpya, asiiguse orodha ya chuo anachokiacha: asitoe ofa mpya ya ufadhili, asiondoe jina, na saa zibaki zilivyogawanywa wiki iliyotangulia. Kikosi lazima kishuke hadi wachezaji 85 kabla ya msimu kuanza, hivyo anayejaza nafasi kwa vijana wa nyota mbili siku ya kuondoka anamwachia mrithi mzigo wa kuwapunguza.

Sasa idadi. Tunapendekeza kocha aruhusiwe kuwafuata chipukizi wasiozidi 3 waliokuwa kwenye picha yake, na kuchukua wachezaji wasiozidi 2 wa chuo cha zamani walioingia dirisha la uhamisho. Kikomo kidumu kipindi kimoja cha usajili. Msimu unaofuata kila mtu yuko huru.

Kwa nini msipige marufuku kabisa? Kwa sababu wachezaji kumfuata kocha ni sehemu ya futiboli halisi ya vyuo Marekani, hasa tangu 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, ilipowaruhusu kuhama kwa mara ya kwanza bila kukaa nje mwaka mzima. Kocha Curt Cignetti alipotoka Chuo Kikuu cha James Madison kwenda kile cha Indiana mwishoni mwa 2023, wachezaji 13 walimfuata, na msimu wa 2024 Indiana ikashinda mechi 11. Mfano huohuo unaonyesha kwa nini kikomo kinahitajika: kwenye ligi ya marafiki, aliyepewa James Madison baada ya hapo hatamaliza msimu. Ataacha kuingia, na mtabaki na timu isiyo na mtu.

Timu ya zamani ikibaki mikononi mwa kompyuta, kikomo kisilegezwe. Huenda mwenzenu mwingine akaichukua msimu ujao.

Wekeni pia kwamba kocha hahami tena mpaka amalize misimu miwili.

Adhabu isiwe kunyang'anywa ushindi, maana hilo huvuruga msimamo wa timu ambazo hazikukosea. Aliyezidisha idadi amwondoe mchezaji husika wakati wa kupunguza kikosi, na orodha yake ya msimu unaofuata iwe ya majina 25 badala ya 35. Ni rahisi kuhakiki: picha moja ya skrini kila wiki inatosha.