London hadi Athens kwa ndege: jinsi ya kupiga hesabu ya masaa vizuri

Naona watu wanaulizia sana London mpaka Athens ni masaa mangapi, na majibu kila mtu na lake, huyu anasema matatu na nusu, yule manne, mwingine anakwambia karibu sita. Ukweli kila mmoja anahesabu kitu tofauti, so tuiweke sawa.

Umbali wa angani ni kama kilomita 2,400, yaani maili 1,500 hivi, na ukikuta mahali wameandika 1,300 usishtuke, hizo ni maili za marubani na mabaharia, moja ni sawa na kilomita 1.852. Umbali wa barabara achana nao, unazidi kilomita 3,000 na ndege haipiti huko.

Sasa muda. Ndege ikishatulia juu inakimbia kama kilomita 800 kwa saa, chukua 2,400 gawa kwa 800 unapata masaa 3, afu ongeza dakika 30 mpaka 40 za kuzunguka kwenye lami, kupaa na kushuka, inakuja 3 na dakika 40. Hesabu hii inakubali miji mingi tu ya Ulaya, ijaribu. Kurudi London ndo inafika masaa 4 hivi, maana upepo wa huko juu unavuma sana kutoka magharibi, wakati wa kwenda unakusukuma, wakati wa kurudi unapigana nao.

Tiketi ndo inachanganya watu. Tuseme imeandikwa kutoka 10:00 kufika 15:40, ukitoa haraka haraka unaona masaa 5 na dakika 40, kumbe saa ya kufika ni ya Athens na Ugiriki iko mbele ya Uingereza kwa masaa 2, kwa hiyo kwenda unatoa 2. Kurudi unajumlisha 2: kutoka 17:00 kufika 19:00 sio safari ya masaa mawili, ni manne. Tofauti haibadiliki mwaka mzima kwa sababu wote wanasogeza saa usiku mmoja, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba. Na kwa wenye ndugu Dar au Nairobi, kipindi cha joto Athens saa zinalingana na za nyumbani, ikifika baridi Athens inakuwa nyuma saa moja.

Ila ukitaka kupanga siku yako hesabu toka mlangoni kwako, hapa ndo naomba mtulie. Angalia tiketi inasema uwanja upi wa ndege wa London, kama ni Stansted treni tu kutoka stesheni ya Liverpool Street ni kama dakika 50, weka masaa 2 ya mabegi na kusachiwa, afu ukishatua kuna foleni ya paspoti ambayo kiangazi inakuwa ndefu kweli, afu metro mpaka Syntagma, katikati ya Athens, dakika 40, na haiji kila dakika tano, unaweza kusubiri nusu saa. Ukitua usiku wa manane panda basi la X95, linafanya kazi masaa 24. Jumla ni masaa 8 na zaidi, usimpangie mtu miadi ya jioni hiyo.

Na kama unaishi Uingereza kwa paspoti ya Tanzania au Kenya, kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Ugiriki, unahitaji viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, iombe mapema kabla hujalipia tiketi isiyorudishwa hela.