Kurudisha bendi kongwe jukwaani, Moshi mwezi wa Desemba

Anzeni na tarehe, wimbo baadaye. Bendi iliyokaa miaka kumi na mitano bila kupiga ikisema "tufanye mazoezi kwanza, onyesho litakuja", mazoezi hayo hufa wiki ya tatu. Fairport Convention, bendi ya Uingereza iliyoanza 1967 na kupiga nyimbo za asili za kwao kwa magita ya umeme, ilivunjika Agosti 1979 kwa onyesho la kuagana kijijini Cropredy. Ila kila Agosti wakawa wanakutana palepale au jirani, na mwaka 1985 ikatoka albamu mpya, Gladys' Leap. Moshi kalenda ya namna hiyo ipo tayari. Kati ya tarehe 26 na 31 Desemba Wachagga wamerudi nyumbani, na wanaojua nyimbo zenu kwa moyo wako mji mmoja. Shikeni ukumbi Septemba. Novemba mtakuta harusi zimewatangulia.

Kisha shusheni ufunguo wa nyimbo, yaani ziimbwe kwa sauti ya chini zaidi. Mwimbaji aliyepanda bila shida akiwa na miaka 30 hafiki palepale akiwa na 60, na akilazimisha, ubeti wa tatu anakohoa. Kwa wengi toni moja nzima inatosha, yaani freti mbili (vile vijiti vya chuma kwenye shingo ya gita). Hapo mpiga solo atanuna: wimbo uliokuwa kwenye ufunguo wa A ukihamia G, vidole vyake vinapoteza nyuzi za wazi, zile zinazopigwa bila kubanwa, alizozizoea maisha yake yote. Msibishane naye. Legezeni magita yote, besi pamoja, freti mbili chini, kila mtu apige maumbo yaleyale ya zamani. Kosa linalofuata ni kubaki na nyuzi nyembamba za seti ya 10 hadi 46 (namba za unene, kwa sehemu za elfu za inchi): zikilegezwa zinatikisika na kugonga freti. Fungeni 11 hadi 49, kisha fundi aangalie shingo ya gita, maana mvutano umebadilika.

Wapulizaji watashukuru, maana noti wanazosoma zina majina tofauti na za gita. Wimbo wa A humlazimu mwenye saksafoni ya alto kusoma F shapu, na mwenye tarumbeta kusoma B. Ukiwa G, alto anasoma E na tarumbeta A, kazi nyepesi zaidi.

Kanda ya zamani itumieni kukumbuka mpangilio tu, msitafutie tyuni humo, yaani kiwango cha sauti cha kulinganishia vyombo. Redio kaseti ikizunguka haraka, sauti inapanda na mwendo unapanda pamoja nayo. Mkiona wimbo umekaa katikati ya A na A shapu, kosa ni la mashine.

Mazoezi ya wiki mbili za kwanza ni ya drams na besi peke yao. Magita yakiwepo yanafunika uchafu, na kila mtu anadhani mambo ni mazuri. Pimeni mwendo kwa simu: hesabuni mapigo ya sekunde 15, zidisheni kwa 4, mara moja mwanzoni na tena ndani ya chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Mkianza na 108 mkamaliza na 124, wachezaji watachoka kabla yenu, na solo itakuwa inakimbizana na besi badala ya kuongea nayo. Rudieni mpaka tofauti isizidi 4, isipokuwa pale mliposhauriana kupandisha.

Kuhusu nafasi ya marehemu, na bendi kongwe haikosi marehemu: msitafute kijana wa kumwigiza. Fairport walimpoteza mpiga drams wao, Martin Lamble, kwenye ajali ya gari Mei 1969. Wakamchukua Dave Mattacks, mtu wa mkono mwingine kabisa, wakakaa nyumba moja mashambani majira yote ya joto wakifanya mazoezi, na Desemba hiyohiyo ikatoka Liege & Lief, albamu ambayo wengi huitaja kwanza wakizungumzia bendi hiyo. Mgeni apewe na nyimbo mbili au tatu mpya, la sivyo atabaki kibarua wa zilipendwa.

Amplifaya ya valvu iliyolala stoo miaka mingi msiichomeke ukutani. Kapasita zake zinakuwa zimekauka. Ukiiwasha ghafla zinaweza kupasuka, na zikinusurika zitanguruma usiku kucha. Mpelekeeni fundi, na asiifungue mtu mwingine, kwani ndani hubaki umeme wa mamia ya volti hata ikiwa imezimwa. Saksafoni ikaguliwe pedi, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu yake. Moja ikivuja, noti za chini hazitoki.

Kibali kianzie kwa afisa utamaduni wa manispaa, na mgawanyo wa fedha uandikwe kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Bendi nyingi huvunjika mara ya pili kwa jambo hili.

Siku yenyewe, vyombo mtavijaribu saa kumi jioni, jua kali, na kuanza saa tatu usiku kumepoa. Nyuzi za chuma zikipoa hujivuta na sauti hupanda. Tarumbeta na saksafoni hufanya kinyume: hewa ikipoa zinashuka. Kwa hiyo tyuni ya saa kumi haifai tena saa tatu, na pande mbili zinaachana kila upande na njia yake. Wapulizaji wapulize dakika kumi nyuma ya jukwaa vyombo vipate joto, ndipo magita yafuate tarumbeta. Baada ya wimbo wa tatu rudieni tyuni, na mwimbaji awasalimie watu wa Kibosho, Marangu na Rombo wakati mnafanya hivyo.